Oili inayovuja ni mtaji unaopotea

Pikipiki kuukuu aina ya Honda CG125, muundo ulioingia sokoni katika miaka ya 1970, bado ni nyenzo ya kazi. Mfanyabiashara anayeitumia kubebea dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hana sababu ya kuiuza kwa bei ya chuma chakavu eti kwa sababu injini inavuja oili.

Tatizo ni kutibu dalili. Wengi huongeza oili kila asubuhi, au huipaka injini gundi kwa nje. Gundi haishiki mahali penye oili, na injini hiyo hubeba takriban lita moja tu. Oili ikipungua sana, pistoni hukwama na gharama huwa ya injini nzima.

Fundi makini huosha injini, akaikausha, akaiwasha na kutazama panapolowa kwanza. Oili huteremka na kupeperushwa nyuma na upepo, hivyo tone la chini si ushahidi. Kisha hukagua mpira wa kupumulia injini. Ukiziba, presha ya ndani huisukuma oili nje hata kama sili ni mpya. Hapo ndipo hubadilisha gasketi iliyokakamaa, au sili iliyo nyuma ya sproketi ndogo.

Hasara si ya mwenye pikipiki peke yake. Kirumba iko kando ya Ziwa Victoria, na mvua huisomba oili iliyomwagika hadi kwenye maji wanakovuliwa dagaa hao hao. Sili moja ni nafuu kuliko injini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.