Kumfundisha Hukwe Zawose

Tulipozunguka katika shule za msingi za Bagamoyo kukagua mazoezi ya kufundisha, tulikuta andalio la somo lenye kichwa "Mtunzi wa Muziki". Mwanachuo aliandika ubaoni kwa hati nzuri: Hukwe Ubi Zawose, alizaliwa mwaka 1938 mkoani Dodoma, alifariki tarehe 30 Desemba 2003 Bagamoyo. Watoto wakanakili, kengele ikalia. Katika kipindi kizima haikusikika sauti hata moja ya muziki, ilhali mtu huyo aliishi na kupiga zeze lake katika mji huo huo.

Hatumlaumu mwanachuo. Sisi wakufunzi ndio tuliomzoeza hivyo. Miaka kadhaa iliyopita tulimpunguzia alama mwenzake aliyefundisha wimbo wa Kigogo kwa kusikiliza na kuitikia tu, bila nota ubaoni. Watoto wake waliimba sauti moja iliyoangukia katikati ya la na ti. Pembeni mwa andalio tukaandika kwa wino mwekundu: "Waimbe la." Leo tunaona haya kwa wino ule.

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba Zawose hakuwa mtunzi kwa maana kamili, kwa kuwa hakuacha nota, na kwamba nyimbo zake ni mali ya Wagogo wote. Kweli, alikulia ndani ya muziki wa kabila lake. Lakini hata watunzi wa Ulaya tunaowasifu walitumia nyimbo za vijijini kwao, wala hatuwanyang'anyi jina. Baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Alitunga nyimbo mpya, za siasa na za maisha. Santuri yake Tanzania Yetu ilitoka mwaka 1985, na Chibite, pamoja na mpwa wake Charles, mwaka 1996. Kazi ya maisha yake imehifadhiwa katika sauti, na kwa hiyo yapasa ifundishwe kwa sauti.

Tena kuna jambo ambalo nota za kawaida haziwezi kulibeba, nalo ndilo lililotukosesha siku ile. Muziki wa Wagogo haukupangwa kwa kufuata kinanda. Umejengwa juu ya sauti ambazo uzi mmoja unaotetemeka huzitoa wenyewe, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Tukiiita ya nne do, ya tano ni mi, ya sita ni so, ya nane ni do ya juu, ya tisa ni re. Ile ya saba haina jina katika do-re-mi: inakaa kati ya la na ti. Basi wale watoto waliimba sawasawa; aliyekosea ni mkaguzi.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Tandaza waya mwembamba wa sentimita 120 juu ya sanduku tupu la mbao, uukaze barabara. Mtoto mmoja aupige karibu na ncha. Mwingine auguse kwa kidole bila kuubana, kwanza kwenye sentimita 60, kisha 40, 30, 24, 20. Kila mguso utatoa sauti ya juu zaidi, nyembamba kama ya filimbi. Kwenye sentimita 17 na kidogo itatoka ile ya saba. Haitoki kwa urahisi. Mwalimu ajaribu jioni nyumbani kabla ya kuja kuaibika mbele ya Darasa la Tano. Watoto waiimbe mpaka masikio yaizoee, ndipo wasikilizishwe Zawose.

Wakisikiliza, wasiulizwe kwanza maana ya maneno, kwani wengi wa watoto wa Pwani hawajui Kigogo. Waulizwe wanasikia vyombo vingapi. Wengi watasema vitatu au vinne, hata pale anapopiga ilimba peke yake. Malimba hayo makubwa yana makumi ya vijiti vya chuma, na vingine havipigwi kabisa: vinatetemeka vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Mtoto aliyecheza na ule waya ataelewa kwa nini. Hapo somo la muziki limegusa sayansi bila kulazimishwa, na hesabu za kugawanya zimeingia kwa mlango wa nyuma.

Tarehe za kuzaliwa na kufa zinaweza kuja mwishoni kabisa, kwa dakika mbili. Hata hizo zisifundishwe kana kwamba kazi imefungwa. Wanawake wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, ambao kwa miaka mingi waliimba nyuma ya wanaume, walitoa santuri yao wenyewe, Maisha, mwaka 2024.

Muhula ujao tutakuja tena kukagua. Safari hii tutakuja na waya wetu, na kalamu nyekundu tutaiacha chuoni.