TAHARIRI: Datsun ya 1971 ipo kwenye boksi, Peugeot ya Shankland iko wapi?

MASHABIKI wa soka tunaijua vizuri homa ya dirisha la usajili. Vijiweni hakukaliki. Fulani anakuja, fulani anaondoka, fulani kaonekana uwanja wa ndege na begi mkononi. Nusu ya habari zenyewe ni uongo mtupu, lakini tunazimeza tu, kwa sababu utamu wa mpira haupo kwenye dakika 90 peke yake. Upo pia kwenye kusubiri na kubishana.

Leo tunaomba kutoka kidogo nje ya uwanja wa soka, ila hatutoki nje ya michezo. Kuna watu wengine duniani wanaougua homa hiyohiyo, tena mwaka mzima. Hawa ni wapenzi wa modeli za magari, zile za plastiki zinazokuja vipande vipande ndani ya boksi. Mtu anakata vipande, anavisugua, anavipaka rangi, anaviunga kwa gundi, na mwisho anabandika stika ambazo lazima aziloweke kwanza kwenye maji. Akimaliza, mezani kuna gari kamili dogo. Kipimo kinachopendwa sana ni 1/24, maana yake gari halisi ni refu mara 24 kuliko modeli. Gari la mita nne na kidogo linageuka kitu cha sentimita 17 hivi, unakibeba kiganjani.

Dirisha lao la usajili lina mji wake. Kila mwezi Mei, mji wa Shizuoka nchini Japani hufanya maonyesho makubwa ya modeli. Huko na maeneo ya jirani ndiko nyumbani kwa Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, majina ambayo kwa watu hawa ni kama Real Madrid na Barcelona kwetu. Siku kampuni zinapotangaza kinachokuja, mabishano huanza papo hapo. Hili kwa nini? Lile lini? Mbona lile tulilolilia miaka yote halipo?

Mabishano makali zaidi yanahusu kitu kimoja: modeli mpya kabisa dhidi ya modeli ya zamani inayorudishwa sokoni. Hapo ndipo na sisi tunapotaka kusema neno, kwa sababu jambo hili linatugusa Waafrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza tuelewane jinsi modeli inavyozaliwa. Kiwanda huchonga kalibu ya chuma, kisha plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani yake kwa nguvu, ikipoa vipande vinatoka. Gharama kubwa na kazi kubwa ipo kwenye kalibu. Mwaka 1976 Tamiya walipotoa Porsche 934 ya kipimo cha 1/12, hawakuridhika na picha. Walinunua Porsche 911 halisi wakaifungua ili waone kila kitu kimekaaje. Ukishatoa jasho la namna hiyo, kalibu huitupi. Unaipaka mafuta, unaitunza, na miaka 10, 20 au 40 baadaye unairudisha kwenye mashine. Mtoto ambaye hakuwa amezaliwa ananunua gari lilelile alilounganisha baba yake.

Sasa wapo wanaolalamika. Kundi la kwanza linasema kurudisha ya zamani ni uvivu, kwamba ni jezi mpya lakini mchezaji yuleyule, tena magoti yameisha. Hawajakosea kabisa. Kalibu zilizochakaa hutoa vipande vyenye mabaki pembeni na visivyokaa vizuri, na mtu aliyevutiwa na picha nzuri ya boksi anaweza kufika nyumbani akagundua kanunua kazi ya miaka 50 iliyopita.

Kundi la pili lina malalamiko ya aina nyingine. Hawa walinunua maboksi zamani, hawakuyafungua, wakayaweka kabatini yapande bei. Likija toleo la marudio, bei ya boksi lao inashuka. Wanaona wameibiwa.

Kwa kundi la kwanza tunasema: mna haki ya kuambiwa ukweli. Kampuni iandike wazi kwenye boksi kwamba hii ni kalibu ya zamani, basi, mnunuzi aamue mwenyewe. Kwa kundi la pili tunasema bila kuzunguka: poleni, lakini hatuko upande wenu. Modeli imetengenezwa iunganishwe, kama mpira ulivyotengenezwa upigwe. Mchezaji anayekaa benchi misimu 30 ili bei yake isishuke, huyo si mchezaji tena.

Na hapa tunafika nyumbani. Moja ya magari yanayorudi mara kwa mara kwenye maduka ya modeli, kutoka kwa Hasegawa, ni Datsun 240Z. Si Datsun 240Z yoyote. Ni ile nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 ubavuni, iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Hasegawa hao hao wametoa pia Datsun Bluebird 1600 SSS, gari ambalo wawili hao walishinda nalo mwaka mmoja kabla. Kampuni nyingine, Beemax, ikatoa Toyota Celica ya Safari ya 1985, mwaka ambao Juha Kankkunen alishinda, na ilifanya hivyo zaidi ya miongo miwili baada ya vumbi lenyewe kutulia.

Fikiria hilo, msomaji. Kijana wa Osaka ambaye hajawahi kukanyaga Afrika anakaa usiku kucha akipaka rangi gari lililochafuliwa na tope letu. Anajua namba yake ya ubavuni. Anajua taa za mbele zilifungwa wapi. Wengine hufika hadi kuchanganya rangi ili vumbi la kwenye matairi liwe jekundu kama la kwetu. Anajua dereva alikuwa nani na msoma ramani alikuwa nani.

Sasa tuulizane sisi. Mbio zile zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi hazikuwa za Kenya peke yake. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Babu zetu walitoka vijijini wakasimama kando ya barabara wakisubiri magari kama tunavyosubiri basi la timu likirudi na kombe. Hayakuwa mashindano mepesi. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakafika saba tena. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, na ikabidi kanuni ya kuwatenganisha ndiyo impe Mehta ushindi, kama sisi tunavyohesabu tofauti ya mabao siku ya mwisho ya ligi. Mehta huyo akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na Bert Shankland. Mskoti aliyeishi Tanzania, akiendesha Peugeot 404, pembeni yake Chris Rothwell. Alishinda mwaka 1966. Akarudi mwaka 1967, akashinda tena. Kwenye orodha ya mabingwa wa Safari, jina la Tanzania limeingia kwa mtu huyo na gari hilo.

Tufanye jaribio dogo. Ingia kijiwe chochote Kariakoo, Mwanjelwa au Ngarenaro, uliza nani alifunga bao fulani la watani msimu uliopita. Utajibiwa na watu sita kwa wakati mmoja, na wa saba ataanza kukuonyesha kwa miguu. Kisha uliza Shankland ni nani. Tunaogopa jibu litakuwa kimya, au utaambiwa ni beki mpya anayekuja dirisha dogo.

Hatusemi hivi kuwacheka vijana. Kijana hawezi kukumbuka kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Kosa ni letu tuliotangulia, magazeti tukiwemo. Hasegawa wanaweza kurudisha Datsun ya 1971 kwa sababu kuna mtu alitunza kalibu. Sisi tukitaka kurudisha chochote cha zamani, tunaanzia wapi? Na hapa tusiwasingizie watu wa magari peke yao, maana soka nalo ni hivyohivyo. Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye Mataifa ya Afrika mwaka 1980, jezi zake zipo kwa nani? Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, mtoto wa leo akitaka kuona viatu vilivyovaliwa siku ile, apelekwe wapi? Vingi vimebaki kwenye masanduku ya familia, na mwenye sanduku akifariki, watoto wanagawana nyumba na sanduku linachomwa na takataka.

Wapo watakaotuambia kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi. Eti shida zote hizi, nyie mnazungumzia magari ya kuchezea? Tunawaelewa. Modeli ya Kijapani si kitu cha bei ya mchele, na ukijumlisha rangi, gundi na kusafirisha, mfuko unalia. Lakini hatumwambii mtu akanunue boksi. Watoto wetu wametengeneza magari ya waya, ya makopo na ya maboksi tangu zamani, tena yenye usukani unaokata kona. Ufundi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mtoto: leo usitengeneze gari lolote tu, tengeneza Peugeot 404 ya Shankland, na picha yake hii hapa.

Kwa hiyo maombi yetu ni matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza ni kwa Makumbusho ya Taifa. Pale Dar es Salaam tayari kuna magari ya kale, na wageni wanayapenda. Tunaomba rafu moja tu ya Safari. Zikusanywe picha, ramani za njia, beji za washiriki na modeli chache zilizounganishwa na mafundi wetu. Rafu moja haiwezi kuitikisa bajeti ya nchi.

La pili ni kwa Baraza la Michezo la Taifa na vyama vyote vya michezo, soka ikiwa ya kwanza. Waliokimbiza magari yale, waliopanga vituo vya ukaguzi, makanika waliolala chini ya injini usiku, wengine bado wapo hai lakini umri umekwenda. Wafuatwe wahojiwe sasa. Na wachezaji wetu wa zamani vilevile. Tusisubiri kuwasifu siku ya kuwazika.

La tatu ni kwa wewe msomaji. Kama ndani kwako kuna picha ya gari la Safari likipita kijijini kwenu, au jezi ya marehemu baba aliyechezea timu ya mkoa, usiitupe na usiifungie. Mwonyeshe mtoto. Mwambie jina la mtu aliyeivaa. Aliyefungia kumbukumbu kabatini ili ipande bei hana tofauti na yule aliyeitupa, kwa sababu kwa wote wawili mtoto hajaona kitu.

Na kama huko Shizuoka kuna anayeisikia sauti ya Waswahili, naye tuna ombi. Tunashukuru kwa Datsun, tunashukuru kwa Celica. Endeleeni kuzirudisha, wala msisikilize wanaonung'unika kwamba maboksi yao yameshuka bei. Ila mkikaa kuchagua la kufuata, sisi kura yetu ni Peugeot 404 ya mwaka 1966, yenye stika sahihi, na majina ya Shankland na Rothwell yameandikwa bila kukosea.

Lakini itakuwa aibu kubwa siku boksi hilo likifika Kariakoo, mtoto akamuuliza baba yake, "Baba, huyu ni nani?" na baba naye akalazimika kusoma jibu ubavuni mwa boksi.