Umekusanya Data ya Keja Mtaa Mzima, Lakini Ni Yako Kweli?

Tuseme wewe ndio yule msee wa kutafutia watu keja. Miezi sita umetembea Roysambu hadi Kahawa West, ploti kwa ploti, ukiandika bei, maji hutoka siku gani, stima ni ya tokeni ama ni ya kulipa landilodi. Yote iko kwa Excel. Siku moja unapata jamaa ameibeba nzima, hadi maneno yenye ulikosea kuandika, na anaiuza mia mbili. Inauma, manze.

Poa ni kwamba sheria inakujua. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaweka mkusanyiko wa data ulio kwa kompyuta kwa kundi moja na vitabu. Ndio, databesi yako ya bedsita iko jirani na riwaya. Ulinzi unaanza ukishaiandika. Kusajili kazi yako KECOBO ni ya kukupa ushahidi mambo yakichacha.

Ngori iko hapa: bei ya nyumba ni ukweli tu, haina mwenyewe. Mtu akitembea na miguu yake akaandika bei zile zile, hajakuibia. Marekani walimaliza hiyo story 1991, kesi ya Feist na kampuni ya simu ya Rural. Feist walikopi majina na namba kutoka kitabu cha simu cha Rural, na Mahakama ya Juu ikasema jasho pekee halitoshi, kupanga majina A hadi Z hakuna ubunifu. Ulaya wao 1996 wakaunda haki ya kando ya miaka 15, ya kulinda pesa na nguvu zenye mtu ametumia kutengeneza databesi. Sisi hiyo hatuna. Kifungu cha 22 chetu kinataka bidii ya kutosha kuipa kazi sura yake yenyewe. Mimi nikisoma hivyo naona safu zako za maji na stima zina nguvu kuliko orodha ya bei tupu.

Na zile namba za makeateka? Hizo ni za watu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usiziuze ovyo.

Lakini yenye huchoma vijana wengi ni kifungu cha 31. Ukitengeneza kitu ukiwa umeajiriwa, ama mtu amekutuma umfanyie, hakimiliki inahesabika imehamia kwake, isipokuwa mlikubaliana vingine. Mimi ilinipata nikiwa nimetoka tu chuo. Nilimjazia jamaa orodha ya maduka ya vipuri, akanilipa nusu, na bado naiona ikitembea online. Nilikuwa nimempa kila kitu bila kujua, juu hatukuwa tumeandikiana chochote. Siku hizi kabla nifungue laptopu, mteja anaandika kwanza: data inabaki ya nani. Wawili wamekataa. Nikawaachia kazi yao.