Neno moja kwenye lebo lililotikisa wiski ya Scotland

MZOZO uliozuka mwaka 2003 kuhusu chupa moja ya wiski nchini Scotland uliacha funzo ambalo hadi leo linaonekana kwenye lebo za kinywaji hicho, zikiwamo zinazosomwa na wanunuzi wa Dar es Salaam na Nairobi.

Chanzo chake kilikuwa Cardhu, wiski ya kimea kutoka kiwanda chenye jina hilo katika eneo la Speyside. Mahitaji yake nchini Hispania yalipanda kupita uwezo wa kiwanda. Kwa kuwa wiski hiyo huuzwa baada ya kukaa miaka 12 kwenye mapipa, upungufu huo haukuweza kuzibwa kwa haraka.

Mmiliki wake, kampuni ya Diageo, aliamua kuchanganya Cardhu na wiski za kimea kutoka viwanda vyake vingine. Jina na umbo la chupa vilibaki vilevile. Kilichobadilika ni neno moja: 'Single Malt' iligeuka kuwa 'Pure Malt', yaani kimea halisi.

Kisheria hapakuwa na kosa, kwani kilichokuwamo ndani ya chupa kilikuwa kimea kitupu. Hata hivyo, washindani wakiongozwa na William Grant & Sons, wamiliki wa Glenfiddich, walidai kuwa mnunuzi angeamini anapata kinywaji kilekile alichokizoea. Machi 2004, Diageo ilitangaza kuiondoa sokoni bidhaa hiyo.

Uzito wa hoja hiyo unatokana na namna wiski inavyotengenezwa. Wiski ya kimea hutokana na shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa na kuchachushwa, kisha ikakenekwa katika mitungi ya shaba. Ikitoka kiwanda kimoja huitwa 'Single Malt', hata kama mapipa mengi ya kiwanda hicho yamechanganywa.

Vikichanganywa vimea vya viwanda viwili au zaidi, hiyo ni 'Blended Malt'. Wiski ya mchanganyiko wa kawaida ni kitu kingine: humo kimea huongezewa wiski ya nafaka, kama vile ngano au mahindi, ambayo gharama yake ni ndogo.

Kuchanganya vimea, kwa hiyo, si udanganyifu. Ni ufundi unaompa mchanganyaji nafasi ya kuoanisha moshi wa kisiwa cha Islay na utamu wa Speyside. Diageo yenyewe huuza Johnnie Walker Green Label, ambayo ndani yake mna Talisker na Caol Ila. Nao William Grant & Sons, waliopinga kwa sauti kubwa, walizindua Monkey Shoulder mwaka 2005, ambayo pia ni mchanganyiko wa vimea.

Ni dhahiri basi kwamba ugomvi haukuwa juu ya kilichomo ndani ya chupa, bali juu ya haki ya kutumia jina lililokwisha kujijengea heshima.

Jibu lilipatikana katika Kanuni za Wiski ya Scotland za mwaka 2009, zilizogawa kinywaji hicho katika makundi matano na kupiga marufuku maneno 'Pure Malt'. Aidha, umri ukitajwa kwenye lebo, lazima uwe wa wiski changa kuliko zote zilizomo.

Pamoja na hayo, utata haukwisha. Neno 'Blended' sasa linatumika kwa kimea kitupu na pia kwa kimea kilichoongezwa nafaka, na wakosoaji walionya mapema kuwa mnunuzi asiye makini angeviona vyote viwili kuwa kitu kimoja.

Mlinzi wa mnunuzi amebaki kuwa neno 'Malt'. Likifuata baada ya 'Blended', hakuna nafaka nyingine ndani ya chupa. Lisipokuwapo, bei inayotozwa haina budi kuonyesha tofauti hiyo.