Mfumo Umekataa

Steshenari ile iko karibu na stendi. Ni chumba cha kompyuta tatu na mashine moja ya kutoa kopi, na siku tuliyokwenda benchi la nje lilijaa vijana wenye bahasha za kaki. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita na dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linakaribia kufungwa. Dada aliyekuwa anajaza fomu alikuwa mwepesi wa vidole na mpole wa maneno. Alipofika kwenye jina la tatu akasimama. Jina la babu yake mpwa wangu ni la Kisukuma, linaanza na Ng'w, na kila dada alipobonyeza kitufe cha kuendelea, kisanduku kiliwaka nyekundu kikisema kuna herufi zisizoruhusiwa.

"Mjomba, mfumo umekataa hiyo alama ya juu," akaniambia. "Huwa tunaitoa tu."

Akaitoa. Ng'w ikawa Ngw, fomu ikapita, tukalipa, tukashukuru. Baada ya wiki moja ukaja ujumbe kwamba jina lililojazwa halifanani na lile la cheti cha kuzaliwa. Tukaenda kwa wakili kuapa kwamba mtu wa Ngw na mtu wa Ng'w ni mtu mmoja. Tulilipia kiapo na muhuri, tukalipia nauli mara mbili, na binti akalala siku tatu akiamini kwamba chuo kimempita kwa sababu ya jina la babu.

Tangu siku hiyo kauli ile haijanitoka: mfumo umekataa. Tunaisema benki, tunaisema dirishani hospitalini, tunaisema kwenye kituo cha basi, kama tunavyosema mvua imekataa kunyesha. Lakini mvua haikuandikwa na mtu. Fomu iliandikwa. Kuna mtu alikaa mbele ya kompyuta akaamua ni herufi zipi raia anaruhusiwa kuwa nazo katika jina lake, kuna mwingine akalipokea hilo akatia saini kwamba kazi imekamilika, na kati ya wote hao hakuna aliyejaribu kuandika neno ng'ombe. Na hii ni Tanzania, nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30.

Sababu ya kitaalamu ipo, na haki ni kuieleza. Katika lugha ambayo programu hutumia kuulizia hifadhidata, alama hiyo ya juu hufungua na kufunga maneno. Ikitokea katikati ya jina, mashine inaweza kudhani jina limeishia hapo, na kinachofuata ikakisoma kama amri. Wadukuzi waligundua mwanya huo zamani, wakawa wanaingiza amri zao baada ya alama. Dawa yake inajulikana na hufundishwa kwa kila anayejifunza kuandika programu: jina hupelekwa kando ya amri, ili lisisomwe kama amri hata siku moja. Dawa ya mkato ni kuipiga alama marufuku. Aliyeunda fomu yetu alichukua ya mkato, na gharama wakaibeba wenye majina. Hawako Shinyanga na Mwanza peke yake. Wako akina Wang'ombe na Ndung'u wa Kenya, wako hata Waairishi wenye majina kama O'Brien. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, angekwama karibu katika kila kisanduku: herufi mbili zenye viwimbi, alama katikati, na neno "wa" ambalo si jina la kwanza, wala la kati, wala la ukoo. Na hata pale fomu inapokubali, simu nyingine huandika alama iliyopinda wakati kompyuta huandika iliyonyooka. Kwa macho ni moja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti, na majina hayatafanana.

Mambo haya yakifikishwa kwa wahusika, jibu linakuja haraka: wananchi wapewe elimu ya matumizi ya mfumo. Nimelisikia jibu hili katika semina, redioni na kwenye vipeperushi, na ndilo ninalotaka kulipinga hapa, kwa sababu linahamisha kosa kutoka kwa aliyeunda hadi kwa anayetumia. Sisemi elimu haina kazi. Bila elimu mtu atamtajia tapeli namba yake ya siri kwa simu, na hakuna fomu itakayomzuia. Lakini mpwa wangu hakukosa elimu. Alijua kuandika jina lake.

Tuwaangalie watu wenye elimu kuliko wote. Wanasayansi wa jeni duniani hutunza orodha zao katika Excel kama mhasibu yeyote. Kulikuwa na jeni iliyoitwa MARCH1 na nyingine SEPT1, na kila walipoyaandika majina hayo, programu iliyageuza kimyakimya kuwa tarehe: mosi Machi, mosi Septemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta makosa ya aina hiyo katika takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Hao ni watu wenye shahada za uzamivu. Walionywa, wakaandikiana, wakafundishana, na makosa yakaendelea. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Mwaka 2023 ndipo Microsoft ikaweka kitufe cha kuzima tabia ile. Kama elimu ingetosha, ingewatosha hao. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anayeandika namba za simu za wanachama, akakuta kila namba imepoteza sifuri yake ya mwanzo, ameangukia tabia ileile ya programu ileile, na yeye hana kamati ya kumbadilishia majina.

Ushahidi mwingine tunao mifukoni. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na katika miaka ile kilio kikubwa kilikuwa pesa kwenda kwa mtu asiye wake kwa kukosea tarakimu moja. Ushauri ulikuwa uleule wa elimu: hakiki namba kabla ya kutuma. Watu walihakiki, na bado walikosea, kwa sababu jicho la mtu halikuumbwa kulinganisha tarakimu kumi sokoni huku mteja anasubiri chenji. Kilichotuokoa ni mstari mmoja wa maandishi. Leo kabla pesa haijaondoka, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Unasoma, unamtambua shemeji yako au unashtuka. Yule bibi ambaye hakuhudhuria semina yoyote sasa anagundua kosa lake mwenyewe, kwa kitochi, bila kumuuliza mjukuu.

Jambo ambalo sijaona likitatuliwa vizuri ni saa. Siku yetu huanza kunapopambazuka. Saa moja asubuhi ni pale mshale unapoonyesha saba, na tumezoea hivyo kiasi kwamba macho yanasoma 7:00 na mdomo unasema saa moja bila kufikiri. Tabu huanza pale mtu anapoifasiri tovuti kwa Kiswahili na kubadilisha maneno bila kubadilisha hesabu. Shangazi yangu alikatiwa tiketi ya basi kwa njia ya simu. Iliandikwa kwa Kiswahili kizuri: muda wa kuondoka, saa 6:00. Akaoga, akapika, akaaga majirani, akafika stendi saa tano na nusu ya asubuhi, nusu saa kabla ya wakati kama alivyofundishwa na wazazi wake. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri. Kijana wa ofisini akamwambia, "Mama, ungesoma vizuri." Alisoma vizuri. Saa sita ni saa sita, jua likiwa utosini, na kila anayezungumza lugha iliyoandikwa kwenye tiketi ile anajua hivyo. Kilichotakiwa ni "saa 12 alfajiri" na pembeni yake 06:00, ili mwenye hesabu hii na mwenye hesabu ile wote wafike.

Hapa ndipo ninapoona Kiswahili kinatumika kama rangi ya kupaka ukuta. Tunafurahi kwamba menyu imefasiriwa, na kweli ni jambo la kufurahia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, wakati wengi walidhani kompyuta haiwezi kusema lugha yetu. Lakini lugha ina saa yake, ina namna yake ya kutaja watu, ina herufi zake. Anayefasiri maneno akaacha hayo ametupa nusu ya kazi.

Nimewauliza rafiki zangu wanaounda mifumo hii, na hoja zao ni nzito. Wanasema bajeti ni finyu na muda ni mfupi. Wanasema mifumo hii, pamoja na kasoro zake, imeondoa foleni za kulala nje ya ofisi na imeondoa karani aliyekuwa halioni faili lako mpaka umwone. Nakubali, na nakubali kwa moyo wote. Nimelala kwenye foleni hizo. Sitaki turudi kwenye daftari na karani.

Lakini angalia karani ameenda wapi. Fomu isipojazika, mtu huenda steshenari, na huyo dada mpole huanza kwa kumfungulia barua pepe. Nywila anaichagua yeye, kwa sababu mfumo unataka herufi kubwa na tarakimu na alama, na foleni ni ndefu. Anaiandika kwenye daftari lake ili mteja akirudi asihangaike. Nimeliona daftari hilo. Lina majina, namba za vitambulisho na nywila za mtaa mzima, na liko juu ya meza karibu na mashine ya kopi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, Kenya ilitunga yake mwaka 2019, na sheria hizo ni njema. Lakini kila fomu inayomshinda raia wa kawaida humpeleka kwenye daftari lile. Wanaotetea ugumu wa fomu kwa jina la usalama wafike wakalione.

Gharama ya kurekebisha si kubwa kama inavyosemwa. Mtaalamu wa usanifu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba kuwajaribisha watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Watano. Unaweza kuwapata Kariakoo kabla ya chai ya saa nne, ukawapa simu, ukakaa kimya ukatazama vidole vyao vinakwama wapi. Uingereza ilipounda kitengo chake cha huduma za kidijitali mwaka 2011 na kuzindua tovuti moja ya serikali mwaka uliofuata, kanuni yake ya kwanza ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji, na mwongozo wake leo unaelekeza fomu zikubali alama ambazo watu wanazo katika majina yao. Sisi tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, na tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inayosimamia viwango vya mifumo ya umma. Ningependa kiwango kiwe na kifungu hiki: mfumo wowote usipokelewe kwa mkandarasi mpaka watu watano wasiohusika na mradi, wawili kati yao wakitumia simu ya bei ndogo, wajaze fomu yote peke yao hadi mwisho, na mmoja awe na jina lenye ng'.

Mpwa wangu sasa yuko chuoni. Juzi alinipigia kuniuliza jina gani liandikwe kwenye kitambulisho, kwa sababu vyeti vyake vya shule vina alama na akaunti yake ya chuo haina. Nikamwambia aandike kama babu yake alivyoandika.

"Nimejaribu, mjomba," akanijibu. "Sasa hivi niko steshenari."