Maneno ya Papo kwa Papo na Maneno ya Kutungwa

Mwezi uliopita tulihudhuria posa, na msemaji wa upande wa mwanamume alikuwa kijana aliyeyaandika maneno yake na kuyahifadhi kwa ghibu. Yalikuwa maneno mazuri, yenye hamdu na sala mwanzoni. Walakini mzee wa upande wa pili alipomkatiza kwa swali jepesi, "Mwanetu atakwenda kukaa wapi?", kijana alinyamaza, kisha akaanza tena hamdu. Watu wakainamisha nyuso.

Hatusemi haya kwa kumcheka. Kosa lake ni kudhani kuwa usemi wote ni wa namna moja. Hotuba ya Ijumaa husemwa na mtu mmoja, na wasikilizaji hutakiwa wanyamaze. Basi khatibu aweza kupanga kila neno nyumbani kwake. Mazungumzo ya barazani siyo hivyo. Humo mtu huwaza huku asema, huacha sentensi nusu, hutia "yaani" na "nanihii" apate nafasi ya kulitafuta neno, na aonapo uso wa mwenzake umekunjika hugeuza kauli papo hapo. Usemi huo ukiandikwa karatasini utaonekana ovyo, lakini masikioni hauna kasoro, kwani msikilizaji naye husaidia kuujenga. (Vijana wetu waliosoma aghalabu huudharau, nasi twaona wanakosea.)

Posa, kama taazia na kama kusuluhisha mume na mke, imo kati ya hayo mawili. Jambo lenyewe hujulikana kabla, lakini maneno hayajulikani, kwa kuwa nusu yake yamo kinywani mwa mwingine. Nabii Musa alipoamrishwa aende kwa Firauni aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake, na apewe nduguye Haruni aliyemzidi ufasaha. Na alipofika, Kurani yatuonyesha akiulizwa na kujibu, akiulizwa tena na kujibu tena. Basi mwenye kutumwa na wazee wake na ajue alilojia, na asiloruhusiwa kuahidi, na maswali yatakayomkabili, maneno yatakuja.

Siku ile ami yake kijana alimshika mkono akajibu yeye: "Atakaa... kwetu, yaani, kile chumba cha uani, mpaka, inshallah, wapate chao." Mzee akatikisa kichwa kukubali, na kahawa ikaletwa.