Mzaha Katika Majina ya Lugha za Kompyuta

Mwanafunzi wa sekondari aanzapo somo la kompyuta hukutana na majina mengi ya lugha zitumiwazo kuiamuru mashine hiyo: FORTRAN, Pascal, C, C++, Python na nyinginezo. Aghalabu majina hayo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, kisha hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba baadhi ya majina hayo ni mzaha, na kwamba ndani ya mzaha huo mna somo. Jambo hilo lafaa kurekebishwa.

Majina ya mwanzo yalieleza kazi tu. FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutafsiri kanuni za hesabu. Baadaye wataalamu walianza kuchezea majina. Lugha ya Ada iliitwa hivyo kwa heshima ya Ada Lovelace, Mwingereza aliyeandika maelezo mashuhuri juu ya mashine ya Charles Babbage mwaka 1843. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipouidhinisha mwongozo wa lugha hiyo mwaka 1980, iliupa namba 1815, yaani mwaka aliozaliwa bibi huyo.

Mzaha wenye faida kubwa zaidi umo katika ukoo wa C. Martin Richards, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alibuni lugha iitwayo BCPL mnamo mwaka 1967. Ken Thompson, wa maabara ya Bell nchini Marekani, aliipunguza lugha hiyo, na jina lake nalo likapunguzwa likabaki B. Mwenzake, Dennis Ritchie, aliikuza B ikawa C mnamo mwaka 1972. Hapo pakazuka swali la kuchekesha: lugha itakayofuata iitwe D, kwa mpango wa alfabeti, au P, kwa mpango wa herufi za BCPL?

Jibu halikuwa D wala P. Mwaka 1983 lugha ya Bjarne Stroustrup iliitwa C++. Katika C, alama ++ huamuru thamani iongezwe kwa moja. Hivyo jina lenyewe ni amri, nalo lasema: hii ni C iliyoongezwa. Lakini wajuzi walitania zaidi. Tuseme C ni 5. Ikiandikwa A = C++, kompyuta huipa A thamani ya zamani, yaani 5, ndipo huifanya C kuwa 6. Ikiandikwa A = ++C, huongeza kwanza, na A hupata 6. Basi, walisema wajuzi hao, lugha mpya ilistahili kuitwa ++C! Mwanafunzi awezaye kuucheka mzaha huu amekwisha kuielewa kanuni ambayo huwatatiza wanaojifunza.

Mfano wa pili ni PHP. Ukiuliza herufi ya kwanza ya jina hilo yasimama badala ya neno gani, utajibiwa: PHP. Na P ya hiyo PHP? Ni PHP tena, bila kikomo. Jina hili ladokeza dhana ya kujirejea, ambayo mwalimu wa hisabati huifundisha kwa mfano wa 5! = 5 × 4!. Tofauti ni kwamba hesabu hiyo hukoma ifikapo 1, lakini jina halikomi. Programu isiyo na pa kukomea ina kasoro hiyo hiyo.

Upo pia mzaha uwezao kumpoteza asiyeujua. Python haikuitwa kwa jina la chatu. Guido van Rossum, aliyeitoa mwaka 1991, alilichukua kutoka katika Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Ndiyo maana maelezo ya lugha hiyo hutumia maneno kama spam na eggs, yaani nyama ya kopo na mayai, katika mifano yake. Mwanafunzi asiyedokezwa huweza kudhani kuwa hizo ni amri za kukariri, kumbe ni majina tu, na angeweza kuweka ugali na maharage pasiharibike neno.

Watakuwapo watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na wakati ni mfupi, hivyo mizaha ya Wazungu haina nafasi darasani. Hoja hiyo ina uzito, lakini dakika kumi zatosha. Mwanafunzi adhaniaye kwamba majina haya yalishuka kutoka mbinguni huiogopa kompyuta. Ajuaye kwamba yalitungwa na watu waliopenda kucheka, huthubutu kuishika.

Kiswahili nacho si kigeni katika mchezo huu. Neno tarakilishi limeunganisha tarakimu na akili, na programu ya kutengenezea tovuti iitwayo Joomla, iliyotolewa mwaka 2005, ilipewa jina lake kutokana na neno jumla. Watu waliolelewa kwa vitendawili na mafumbo hawana upungufu wa ufundi huo. Basi mwalimu awatake wanafunzi wazipe programu zao majina ya Kiswahili yanayofumba kazi yake, na wenzao wafumbue. Atakayetunga fumbo zuri atakuwa ameielewa programu yake barabara.